Muzigo wa haraka: tuhesabu saa na hasara mbele ya kulipa gari



Kuna siku zenye kila koperative inazijua. Nyanya zimekwisha kuvunwa, na soko ni kesho. Mashini ya kusaga imesimama juu ya kipande kimoja kidogo chenye kinauzishwa mujini tu. Mununuzi wa kaawa anaomba eshantiyo ifike mbele ya tarehe fulani. Siku kama hiyo mutu mumoja anasema: "Tutafute gari ya mbio," na feza inatoka kwenye sanduku. Nyuma ya juma moja, wanamemba wanauliza kwenye mukutano: "Tulilipa feza hizi zote juu ya nini?"

Ukurasa huu unaonyesha namna ya kuchagua njia ya kutuma muzigo wa haraka. Tushike mambo mawili. La kwanza: haraka haipimwi kwa mbio ya gari, inapimwa kwa saa yenye muzigo unafika mikononi mwa mwenye kuungojea. La pili: bei ya haraka haifai kupita hasara ya kuchelewa. Mwenye anayashika mambo hayo mawili hatapoteza feza ya wenzake.

1. Je, muzigo ni wa haraka kweli?

Mizigo ya haraka iko ya namna tatu.

Kwanza, muzigo wenye unaoza ao unakufa: nyanya, maziwa, samaki mubichi, kamba za kupanda za viazi vitamu, vifaranga, chanjo ya kuku. Kaawa mbivu yenye imetoka kuvunwa iko pia katika namna hii. Inapaswa kutolewa maganda siku ileile yenye imevunwa. Ikilala ndani ya mufuko, inaanza kuchacha, na mununuzi atasikia ubaya huo kwenye kikombe.

Pili, muzigo wenye kazi inaungojea: rulema ya mashini ya kusaga, mukanda, pompe ya maji. Kipande chenyewe hakiozi. Lakini kila siku yenye hakijafika, mashini haiingize feza.

Tatu, muzigo wenye una tarehe. Mbegu ndio mufano mukubwa. Hapa Kivu tunapanda musimu A kuanzia mwezi wa 9, na musimu B kuanzia mwezi wa 2 ao wa 3. Mbegu yenye inafika wakati mvua imekwisha kupita si mbegu tena, ni chakula. Eshantiyo ya kaawa na makaratasi ya kuuzisha inje viko pia katika namna hii.

Mahindi kavu, maharagi kavu, kaawa yenye imekauka muzuri, hivyo vinaweza kungojea ndani ya depo yenye haina unyevu. Hivyo vinasafiri na kamio ya kawaida, kwa bei ya kawaida.

Tuseme pia ukweli wenye unauma kidogo: mara nyingi haraka inatoka kwetu wenyewe. Mbegu ya mwezi wa 9 ikiagizwa mwezi wa 7, itakuja na kamio ya kawaida. Ikiagizwa mwisho wa mwezi wa 8, itaomba gari ya kukodi ao ndege. Mbegu ni ileile, lakini bei ya safari inaweza kuongezeka mara nyingi.

2. Tuhesabu saa zote, mulango kwa mulango

Mutu anasema: "Ndege inaruka saa moja tu." Ni kweli. Lakini muzigo unapaswa kutoka kijijini mpaka mujini, kupimwa kilo, kungojea siku yenye ndege inaruka, kupakuliwa, kupita mbele ya watu wa serikali, kisha kutafuta tena pikipiki kutoka uwanja wa ndege mpaka kwa mwenye kuupokea. Saa moja inageuka siku mbili ao tatu. Ndio maana tuhesabu kuanzia mulango wa depo yetu mpaka mulango wa mupokeaji, pamoja na saa za kungojea.

Angalia ziwa Kivu. Kati ya Bukavu na Goma, boti ya mbio inavuka kwa saa chache. Boti kubwa ya mizigo inasafiri usiku. Lakini kama mununuzi wenu anafungua depo asubui, boti ya usiku yenye inafika asubui inawafaa sawa na ile ya mbio, tena kwa bei ya chini. Mukituma na boti ya mbio na ifike saa kumi na moja ya mangaribi, muzigo utalala kwenye bandari, na asubui utakuwa fasi ileile na ule wa boti ya usiku.

Kila fasi yenye muzigo unabadilisha gari ni fasi ya kupoteza saa. Kutoka Kindu kwenda Kisangani, muto unapitika na boti mpaka Ubundu. Kisha maporomoko ya maji yanazuia, na muzigo unapaswa kupanda treni ya kilometre karibu 125 mpaka Kisangani. Hapo saa za kutembea si shida kubwa. Shida ni kungojea treni. Hata kwenye njia za treni za Kalemie na Kabalo, treni inafaa muzigo mukubwa wenye unaweza kungojea. Tusiwape treni nyanya zetu.

Njia na mvua vinabadilisha hesabu pia. Kati ya Bukavu na Uvira, milima ya Ngomo inatesa makamio wakati wa mvua, na wenye magari wengi wamezoea kupitia upande wa Rwanda mpaka Kamanyola. Njia hiyo ni ya muzuri, lakini inaomba kupita mipaka mara mbili: makaratasi ya gari, ya shofere na ya muzigo yawe tayari. Na fasi zenye magari yanatembea kwa musafara na askari, kama ilivyokuwa mara nyingi kati ya Beni na Komanda, hata gari yenye mbio kuliko zote inangojea saa ya musafara.

Kuna ulizo moja lenye linasaidia kuliko yote. Usiulize wenye ajansi: "Munaondoka lini?" Watajibu: "Sasa hivi, papa, iko inajaa." Uliza hivi: "Kamio yenu ya mwisho iliondoka siku gani, na ilifika siku gani?" Kisha piga telefone kwa mutu mumoja kule mwisho wa safari, umuulize vilevile. Majibu hayo mawili yakiachana, shika lile la mupokeaji.

3. Tuhesabu hasara ya siku moja

Hapa ndipo tunaamua. Bei zenye tunatia hapa ni za mufano tu. Kila koperative itie bei zake.

Mufano wa mashini. Tuseme mashini ya kusaga inaingiza dola 30 kwa siku. Rulema iko mujini. Kamio ya kawaida inaileta kwa dola 5, na itafika kisha siku 4. Motari anaileta kesho kwa dola 25. Motari anazidi kamio kwa dola 20, lakini anaokoa siku 3, ni kusema dola 90. Hapo tusibishane: motari aende. Na wale mama wenye walikuwa wanatembea mpaka kijiji kingine juu ya kusagisha, nao wanapumuzika.

Mufano wa nyanya. Tuseme kesi moja ya nyanya inauzishwa dola 12 kama inafika kesho asubui. Ikichelewa siku moja, nyanya zinalegea na kesi inauzishwa dola 8. Hasara ni dola 4 kwa kila kesi. Kamio ya wote inaomba dola 1 kwa kesi, lakini inaondoka ikijaa, na itachelewa siku moja. Gari ndogo ya kukodi inaomba dola 180 kwa safari, muzigo ukiwa mwingi ao kidogo.

Kama tuko na kesi 60: kamio ni dola 60, na hasara ya kuchelewa ni dola 240, jumla dola 300. Gari ya kukodi ni dola 180. Tukodi gari, tunaokoa dola 120.

Kama tuko na kesi 20: kamio ni dola 20, na hasara ni dola 80, jumla dola 100. Gari ya kukodi ingali dola 180. Hapo haraka inatukula. Tutume na kamio, ao tutafute njia nyingine.

Kwa bei hizo, mupaka ni kesi 36. Chini ya hapo, gari ya kukodi ni hasara. Juu ya hapo, ni faida. Na njia nyingine yenyewe tunaijua: koperative ya jirani ikiwa na kesi 20 zake, sisi wote pamoja tuko na 40, na gari ileile inalipika. Ndio maana telefone ya jirani mara nyingi inaokoa feza kuliko kubishana bei na shofere.

4. Njia zenye tuko nazo, na kazi ya kila moja

Chukudu na kinga. Kwa njia fupi kutoka shamba mpaka barabara ao stasio ya kuosha kaawa, hivyo ndivyo vya haraka kweli, sababu haviombi mafuta wala kungojea vijae. Kule Goma, chukudu imejengewa sanamu yake katikati ya muji, na haikujengewa bure.

Pikipiki. Inafaa kwa muzigo mudogo wenye bei kubwa: kipande cha mashini, chanjo, makaratasi, eshantiyo. Inapita fasi kamio imezama. Kati ya Butembo na Beni, karibu kilometre 54, ao kati ya Beni na Kasindi, karibu kilometre 80, motari mwenye kujua njia anaweza kwenda na kurudi siku moja kama njia iko salama. Tusimupakilie kilo zenye zinapita nguvu yake.

Gari ya kukodi. Munalipa gari nzima, lakini ninyi ndio munaamua saa ya kuondoka. Mupatane mbele: nani analipa feza ya barieri, nani analipa mafuta, na itakuwa namna gani kama gari inavunjika katikati ya njia. Mulipe nusu kwenye kuondoka, nusu kwenye kufika.

Kamio ya wote. Bei ni ya chini, saa haijulikane. Kama munaituma tu, muulize muzigo wenu unapakiwa wa kwanza ao wa mwisho. Wenye umepakiwa mwisho unashuka wa kwanza, na haupondwe na vya wengine.

Boti. Kwa ziwa Kivu na Tanganyika, mara nyingi ndio njia fupi kabisa. Angalia hali ya upepo, na uangalie watu na mizigo yenye iko ndani.

Ndege. Inafaa wakati njia ya inchi imekatika, ao muzigo ni mudogo na bei yake inaweza kubeba nauli. Ndege ndogo zenye zinaenda kwenye viwanja vya ndani zinabeba tani chache tu, na abiria wanapita mbele ya mizigo. Muulize kama fasi imeshikwa kweli ao munangojea tu.

Ajansi za kutuma kolisi inchi za mbali. Eshantiyo ya kaawa inapita hapo. Kawaida, gramu 350 za kaawa ya kijani zinatosha kwa kupima na kuonja. Lakini mujue hili: ajansi hizo hazipimi kilo tu, zinapima pia ukubwa wa kartoni. Mara nyingi wanazidisha urefu, upana na kimo kwa sentimetre, kisha wanagawanya kwa 5000. Kartoni ya 40 kwa 40 kwa 40 inahesabiwa kilo 12,8 hata kama ndani muko kilo 3. Kartoni ya 30 kwa 20 kwa 10 inahesabiwa kilo 1,2. Kwa hiyo mutafute kartoni yenye inalingana na muzigo.

5. Kufunga na makaratasi

Muzigo wa haraka wenye umefungwa mubaya unafika mbio lakini umeharibika.

Nyanya: kesi yenye hewa inapita, zisijazwe mpaka juu, tena zivunwe zikiwa hazijaiva kabisa. Kupakia kufanyike mangaribi ao asubui mapema.

Kamba za viazi vitamu: zifungwe kwa bunda, ziwekwe kwa kivuli, zinyunyiziwe maji kidogo. Zisifungwe ndani ya sashe ya plastiki, zitaungua. Muhogo wa kupanda: tutume miti mirefu, tuikate vipande kule shambani siku ya kupanda. Vipande vyenye vimekatwa vinakauka mbio.

Chanjo: nyingi zinachungwa kati ya digri 2 na digri 8. Tutumie glasiere yenye barafu, na chupa zisigusane na barafu, sababu chanjo nyingine zinaharibika zikiganda. Tusitume chanjo siku ya posho kama depo yenye inaipokea inafungwa siku ya yenga.

Eshantiyo: tuandike juu ya kartoni kwamba ni eshantiyo ya kaawa ya kuonja, hapana ya kuuzisha, pamoja na jina la koperative, mwaka wa mavuno na namba ya loti.

Kwa muzigo wenye unavuka mupaka, karatasi moja yenye inakosa inaweza kula siku zote zenye mulilipia. Mbele ya kukodi gari, mupite kwa SQAV juu ya karatasi ya afya ya mimea ao ya nyama, na muulize OCC na DGDA ni nini inaombwa kwa muzigo wenu. Mufanye hivyo siku mbili ao tatu mbele, hapana siku ya kuondoka.

Na hata kama muzigo hauvuke mupaka, kuwe bordero. Iandikwe: ni kitu gani, hesabu yake, hali yake wakati wa kuondoka, saa ya kuondoka, jina na telefone ya shofere, namba ya gari, jina na telefone ya mupokeaji. Shofere atie sahihi. Mupige picha ya bordero na ya muzigo, muitume kwa mupokeaji mbele gari haijaondoka. Kesi 2 zikikosa, bordero itasema. Bila bordero, ni maneno yenu na maneno ya shofere tu.

6. Mutu mbele ya muzigo

Haraka inaua. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, boti yenye ilitoka Minova ilizama karibu na bandari ya Kituku, pale Goma. Watu wengi walikufa, na kati yao kulikuwa wafanyabiashara wenye walikuwa wanapeleka mizigo yao sokoni. Wakati huo njia ya inchi ilikuwa imekatwa na vita, na ziwa ndilo lilibaki.

Kwa hiyo tukatae boti yenye imejaa kupita, hata kama nyanya zitaoza. Tusimuambie motari: "Ukifika mbele ya saa sita tutakuongezea." Feza hiyo inamusukuma kwenye kifo. Tusiombe shofere atembee usiku kwenye njia yenye haiko salama. Mbele ya kuondoka, tupige telefone kwa watu wawili wenye wako kwenye njia, tuulize habari ya leo, hapana ya jana. Nyanya za kesi 60 zitavunwa tena musimu mwingine. Baba ao mama wa watoto harudi.

7. Tujitayarishe mbele ya musimu

Siku ya haraka si siku ya kuanza kutafuta namba za telefone. Katika mukutano wa kufungua musimu, koperative ifanye mambo haya:

– Iandike kwenye ukuta wa depo njia zote zenye inazitumia, bei yake, na siku zenye muzigo ulitumia kweli katika safari tatu za mwisho.

– Ichague motari wawili na wenye magari wawili wenye wanajulikana, na bei yenye mumekwisha kupatana.

– Ipige hesabu ya mupaka wake, kama ile ya kesi 36, kwa kila mavuno makubwa.

– Iamue nani ana ruhusa ya kutoa feza ya haraka bila kungojea mukutano, na mpaka dola ngapi. Kama kila mara munangojea prezida arudi safari, muzigo umekwisha kuoza.

– Iweke pembeni kiasi kidogo cha feza kwa kazi hiyo, na kila mara yenye kinatumiwa, mwenye kuchunga sanduku aeleze wanamemba: tulilipa kiasi gani, tuliokoa kiasi gani.

Hilo la mwisho ndilo linajenga koperative. Wanamemba hawakatae kulipa bei kubwa. Wanakatae kulipa bila kuonyeshwa hesabu. Mukiwaonyesha kwamba dola 25 za motari ziliokoa dola 90 za mashini, mara nyingine hawatauliza "juu ya nini?" Watauliza: "Motari ameondoka saa ngapi?"